Nyimbo zipo, listi haina kitu: orodha za muziki kati ya simu na kompyuta

Msimu wa sherehe ukianza huku Kusini, korosho zimeuzwa au shule zimefungwa na watoto wanatoka jandoni na unyagoni, vibanda vya kuingiza nyimbo kuanzia Mtwara mjini mpaka Masasi na Nachingwea hupokea lalamiko lilelile: "Fundi, nyimbo zipo ila listi haina kitu." Mtu kapanga nyimbo mia mbili kwenye kompyuta kwa mtiririko wa shughuli, za kumwingiza bibi harusi, za chakula, za kufungulia muziki, kahamishia kwenye simu, na akifungua anakuta orodha tupu, au nusu ya nyimbo hazionekani, au zote zimejipanga upya kwa alfabeti. Wengi hufuta kila kitu wakaanza moja. Hakuna haja. Nyimbo zenyewe kwa kawaida ni nzima. Kilichokosewa ni mistari ya maandishi, na mistari hurekebishwa.

Ifungue orodha uitazame

Orodha ya nyimbo, au pleilisti, ni faili ya maandishi matupu, mara nyingi yenye mwisho wa .m3u au .m3u8. Ndani yake hamna hata sekunde moja ya muziki. Ibofye kwa kitufe cha kulia, uifungue kwa Notepad, utaona kitu kama hiki:

#EXTM3U
#EXTINF:245,Sindimba ya Newala
D:\Muziki\Harusi\Sindimba ya Newala.mp3
#EXTINF:312,Ng'ambo ya Ruvuma
D:\Muziki\Harusi\Ng'ambo ya Ruvuma.mp3

Mstari wa kwanza unaitambulisha faili. Mistari inayoanza na #EXTINF ni maelezo tu: 245 ni urefu wa wimbo kwa sekunde, kisha jina litakaloonekana kwenye kioo. Ukiifuta mistari hiyo yote orodha bado itacheza. Mstari wenye kazi ni ule unaosema wimbo uko wapi, na hapo ndipo pa kutazama kwanza.

D:\Muziki\Harusi ni mahali palipo kwenye kompyuta hiyo peke yake. Simu ya Android haina kitu kinachoitwa D. Hifadhi yake ya ndani inajulikana kama /storage/emulated/0/, kwa hiyo wimbo uleule ukishahamia kwenye folda ya Music, anwani yake inakuwa /storage/emulated/0/Music/Harusi/Sindimba ya Newala.mp3. Ukiwa kwenye memori kadi, anwani inaanza na /storage/ ikifuatiwa na namba ya kadi, herufi na tarakimu nane zenye kistari katikati, mfano /storage/9C33-6BBD/. Namba hiyo inatokana na kadi ilivyofomatiwa. Ukiifomati upya inabadilika, na kila orodha iliyoandikwa kwa namba ya zamani inakufa siku hiyohiyo ingawa nyimbo umezirudisha zote, kwenye folda ileile, kwa majina yaleyale. Angalia pia kwamba Windows inatenganisha folda kwa alama \ wakati simu inatumia /. Mchezaji wa muziki kwenye simu, yaani programu inayocheza nyimbo, akikutana na \ anaweza kuichukulia kama sehemu ya jina la faili, akatafuta wimbo mmoja wenye jina refu la ajabu, asiupate.

Dawa: anwani fupi

Usihangaike kubadili D:\ kuwa /storage/ kila unapohama. Fupisha anwani. Mgeni ukimwambia "nyumba ni ya tatu kutoka hapa uliposimama", maelekezo yanamfaa bila kujali ametokea Shangani au Chuno. Na orodha vivyo hivyo. Mstari ukiwa na jina la faili pekee, bila folda yoyote mbele yake, mchezaji hutafuta wimbo palepale ilipo faili ya orodha. Kwa hiyo weka nyimbo zote za shughuli moja ndani ya folda moja, iweke faili ya orodha ndani ya folda hiyohiyo, na mistari iwe hivi:

Sindimba ya Newala.mp3
Ng'ambo ya Ruvuma.mp3

Folda hiyo sasa inaweza kukaa kwenye kompyuta, kwenye simu, kwenye memori au kwenye flashi, na orodha haitagundua kwamba imehamishwa.

Kwa orodha uliyonayo tayari, ifungue kwenye Notepad, bonyeza Ctrl+H, kisanduku cha juu andika D:\Muziki\Harusi\ (pamoja na alama ya mwisho), cha chini kiache kitupu, kisha amuru ibadilishe zote kwa mpigo. Kama nyimbo zimetawanyika kwenye folda ndogo, acha jina la folda ndogo na ugeuze kila \ iwe /, mfano Taarabu/Wimbo wa pili.mp3. Wachezaji wengi wa Windows wanaielewa /, ila wa simu wengi hawaielewi \, kwa hiyo / ndiyo salama pande zote mbili.

Kama huna orodha kabisa na unataka tu nyimbo za folda zifuatane kwa majina, ingia kwenye folda, bofya sehemu ya juu inayoonyesha njia ya folda, andika cmd na ubonyeze Enter. Kwenye dirisha jeusi andika mistari hii miwili:

chcp 65001
dir /b /on *.mp3 > Harusi.m3u8

Mstari wa kwanza usiuruke, sababu yake inakuja hapa chini. Na usitumie PowerShell ya kawaida ya Windows kwa kazi hii: ukitumia alama ya > pale, inaandika faili kwa mfumo wa herufi uitwao UTF-16. Kwa macho faili inaonekana safi kabisa kwenye Notepad, lakini wachezaji wengi wa muziki hawaisomi, na utazunguka siku nzima ukitafuta kosa lisiloonekana.

Kama nyimbo zako si MP3 tupu, kumbuka kuongeza .m4a na nyingine. Amri hiyo inaokota MP3 peke yake.

Herufi zinazoua nyimbo

Ukikuta orodha inacheza vizuri lakini nyimbo kadhaa hazipo, na kila ukirudia ni zilezile, tazama majina yake. Ni nadra kuwa bahati mbaya.

Sisi tuliopakana na Msumbiji tunazo nyimbo nyingi zenye majina ya Kireno, na wapenzi wa bolingo wana za Kifaransa. Jina kama Coração lina herufi mbili, ç na ã, ambazo hazikuhifadhiwa kwa namna moja na programu zote. Faili ya .m3u ya zamani hufuata mfumo wa herufi wa Windows ya kompyuta husika; .m3u8 inamaanisha UTF-8, mfumo ambao simu inauelewa. Orodha ikiandikwa kwa mfumo wa zamani halafu simu ikaisoma kama UTF-8, ç inageuka kuwa alama ya ajabu, jina halilingani tena na faili, wimbo unarukwa. Ndiyo maana ya ile chcp 65001: inailazimisha cmd iandike UTF-8.

Kwa faili iliyokwishaandikwa, ifungue kwa Notepad, hakikisha herufi zinaonekana sawasawa, kisha hifadhi kwa jina jipya. Chini ya dirisha la kuhifadhi kuna kisanduku cha kuchagua mfumo wa herufi. Chagua UTF-8, usichague UTF-8 yenye BOM. BOM ni baiti tatu zisizoonekana mwanzoni mwa faili, na baadhi ya wachezaji wakikutana nazo wanashindwa kuutambua mstari wa kwanza. Kwenye aina ya faili chagua faili zote, na uandike mwisho .m3u8 mwenyewe, la sivyo Notepad itakupa Harusi.m3u8.txt na simu haitaitambua kabisa. Notepad ya Windows 10 toleo la 1903 kwenda mbele huhifadhi kwa UTF-8 yenyewe. Za kabla yake huhifadhi kwa mfumo wa zamani usipobadilisha.

Kwetu Waswahili kuna mtego mwingine, nao ni ile alama ya ng'. Andika Ng'ambo kwenye Notepad, alama inakuwa imesimama wima: '. Andika neno hilohilo kwenye Word, au kwenye iPhone ambayo haijazimwa urekebishaji wa alama, inatoka imepinda: ’. Kwa macho ni kitu kimoja. Kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti, tofauti kama a na b. Faili ikiwa na alama ya wima na orodha ina iliyopinda, wimbo haupo. Ng'ombe, ng'ambo, ng'oa, king'ora: nyimbo zenye maneno ya namna hii ndizo zinazopotea peke yake kwenye orodha iliyohaririwa kwa Word. Bonyeza Ctrl+H, juu weka ’, chini weka ', badilisha zote. Kisha hakikisha na faili zenyewe zimeandikwa kwa alama ya wima. Na orodha ya nyimbo isihaririwe kwa Word hata siku moja. Notepad au Notepad++ inatosha.

Majina ya maswali nayo yana lake. Windows na kadi zilizofomatiwa kwa FAT32 au exFAT haziruhusu alama hizi kwenye jina la faili: \ / : * ? " < > |. Wimbo unaoitwa Uko Wapi? ukihamishwa na programu, alama ya kuuliza hugeuzwa kuwa _ au hufutwa, faili inakuwa Uko Wapi_.mp3, huku orodha bado inatafuta ile yenye alama ya kuuliza. Majina yanayoanza na # ni hatari zaidi, kwa sababu mstari wowote unaoanza na alama hiyo kwenye M3U unahesabiwa kuwa maelezo, na wimbo unarukwa kimyakimya. Nafasi iliyosahaulika mwishoni mwa mstari nayo huvunja kazi. Ukiona %20 mahali pa nafasi kati ya maneno, hiyo ni programu iliyoandika kwa mtindo wa anwani za intaneti; badilisha %20 zote ziwe nafasi ya kawaida.

Herufi kubwa na ndogo: zilinganishe. Windows haijali kati ya Harusi na harusi, lakini Linux inajali, na baadhi ya programu za simu hulinganisha majina herufi kwa herufi.

Ushauri wangu wa moja kwa moja kwa anayeandaa muziki wa watu: majina ya faili yabaki na herufi za kawaida, tarakimu, nafasi na kistari. Jina kamili lenye madoido yake yote liweke kwenye lebo ya wimbo, ile taarifa ya ndani inayobeba jina, msanii na albamu. Programu ya Mp3tag kwenye Windows inaifanya kazi hiyo bila malipo.

Simu haionekani kwenye kompyuta, au inaonekana tupu

Anza na waya. Waya wa USB 2.0 una nyaya nne ndani, mbili za umeme na mbili za data. Nyaya nyingi za bei rahisi zinazokuja na chaja au pawabenki zina zile mbili za umeme tu. Simu itachaji vizuri na kompyuta haitajua kama kuna kitu kimechomekwa. Jaribu waya uliokuja na simu kabla ya kumlaumu mtu. Kisha tazama tundu la simu. Hewa ya chumvi ya pwani, kutoka Mikindani mpaka Kilwa, na vumbi la barabara za Newala na Tandahimba, vyote hujikusanya mle ndani mpaka kichwa cha waya hakizami chote. Zima simu, tumia kijiti cha meno cha mbao na brashi kavu laini, toa taratibu. Usitumie sindano wala pini ya chuma.

Waya ukiwa mzima, fungua kioo cha simu kwa namba ya siri au alama ya kidole. Simu iliyofungwa huonekana kama diski tupu. Vuta pazia la arifa chini, gusa ile inayosema simu inachajiwa kwa USB, ubadilishe iwe kuhamisha faili. Chaguo hilo hujirudisha kwenye kuchaji tu kila unapochomoa, kwa hiyo ni jambo la kurudia kila mara.

Njia hii, inayoitwa MTP, haiigeuzi simu kuwa flashi. Simu haipewi herufi ya diski, na programu nyingi haziwezi kuhariri faili iliyomo mle ikiwa bado iko kwenye simu: ikopi kwenye kompyuta, irekebishe, irudishe. Ukisukuma maelfu ya nyimbo kwa mkupuo MTP huganda. Mafungu ya mia tatu hadi mia tano huenda vizuri. Na kama simu inatumia memori kadi, itoe kwa utaratibu, iweke kwenye kisomea kadi, ukopi moja kwa moja. Ni haraka zaidi na makosa ni machache. Mwenye Mac atahitaji programu ya ziada kama OpenMTP ili aione simu ya Android. Linux huiona yenyewe.

Bila waya inawezekana pia, na bando haliguswi: washa hotspoti ya simu, unganisha laptopu, kisha tumia programu ya kuhamisha faili kama KDE Connect au seva ya FTP iliyomo kwenye mameneja mengi ya faili ya simu. Data inatembea kati ya vifaa viwili tu. Lakini kwanza ingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi ya Windows uiweke hotspoti hiyo kuwa mtandao wa kupimwa, la sivyo Windows inaweza kuanza kushusha masasisho, na bando la wiki likaondoka wakati wewe unahamisha nyimbo.

Nyimbo zimefika, simu haizioni

Android ina daftari lake la ndani la nyimbo, na wachezaji wengi husoma daftari hilo badala ya kupekua folda. Ukikopi nyimbo, daftari linaweza kuchelewa. Zima simu uiwashe. Zikigoma bado, pekua folda kama kuna faili iitwayo .nomedia, inaanza na nukta kwa hiyo imefichwa mpaka umwambie meneja wa faili aonyeshe vilivyofichwa. Faili hiyo, hata ikiwa tupu, inaamuru folda nzima isihesabiwe kuwa na muziki. Mara nyingi huingia mtu anapokopi folda nzima ya programu fulani pamoja na yaliyomo yote. Ifute, washa simu upya.

Kuhusu orodha zenyewe, tangu Android 12 ya mwaka 2021 Google iliachana na orodha za nyimbo za mfumo mzima. Programu nyingi sasa zinatunza orodha zake mahali pake. Kwa hiyo orodha uliyoitengeneza kwenye mchezaji aliyekuja na simu huenda isionekane kwenye mwingine, na ukifuta programu au data yake, orodha zinakwenda nayo. Chagua mchezaji anayesoma na kutoa faili za M3U. Musicolet inafaa sana kwa mazingira yetu maana haitumii intaneti kabisa, na ina sehemu ya kuingiza na kutoa orodha. Poweramp inazisoma faili za orodha zilizomo kwenye folda za muziki. VLC nayo inasoma, ila ukiipa ruhusa ya kuona muziki tu badala ya faili zote, faili ya orodha inaweza isiione. Rudi kwenye ruhusa uiongezee.

Upande wa kompyuta, MusicBee, foobar2000, AIMP na VLC zote zinatoa M3U. Kwenye VLC bonyeza Ctrl+Y, na kabla ya kuhifadhi badilisha aina kutoka XSPF kwenda M3U8. Windows Media Player ya zamani huhifadhi .wpl, na simu nyingi hazina habari nayo.

Nyimbo zilizopitia WhatsApp ni balaa la peke yake. Ukituma wimbo kama sauti, mpokeaji anapata faili yenye jina la AUD, tarehe, kisha WA na namba. Jina la asili limekwenda, na orodha yako haiwezi kuupata. Tuma kama waraka, jina linabaki lilivyo. Kwenye simu za Android 11 kwenda juu nyimbo hizo zinakaa Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Media, zihamishie kwenye folda ya Music kabla ya kuzipanga, kwa sababu kusafisha WhatsApp kutazifagia.

Memori inayodanganya

Nyimbo zinaonekana, majina sahihi, ukubwa sahihi, lakini kuanzia wimbo fulani kuendelea hazichezi au zinakwaruza: shuku memori. Zipo kadi zilizoandikwa GB 128 ambazo ndani ni GB 8 au 16. Kompyuta inaonyesha GB 128 kwa sababu kadi imechezewa ijitangaze hivyo, na ukishavuka ujazo wa kweli, kinachoandikwa hakikai popote. Programu ya H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux, huijaza kadi na kuisoma yote kuhakiki. Toa nyimbo zako kwanza. Kwa kasi ya MB 10 kwa sekunde, kuandika GB 32 kunachukua kama dakika 53, kisha kuna kusoma, kwa hiyo ipime nyumbani mapema, si jioni ya shughuli.

Kwa mahesabu: MP3 ya 128 kbps inakula karibu MB 1 kwa dakika, ya 320 kbps karibu MB 2.4. Wimbo wa dakika nne ni MB 4 au 10. Kadi halisi ya GB 16 inabeba nyimbo kama elfu nne za aina ya kwanza. Hakuna shughuli ya usiku mmoja inayohitaji GB 128.

Sabufa, redio ya gari na bajaji

Hapa M3U haina msaada. Redio nyingi za gari na sabufa za bei ya kawaida hazisomi faili ya orodha. Zinacheza faili kwa mfuatano zilivyoandikwa kwenye jedwali la flashi, yaani kile kilichokopiwa kwanza kinacheza kwanza, jina liwe lolote. Ndiyo sababu mtu anapanga vizuri kwenye laptopu, anachomeka kwenye sabufa, na wimbo wa kufunga shughuli unatangulia.

Fanya hivi. Kwenye Mp3tag fungua folda, hakikisha mfuatano unaouona ndio unaoutaka, chagua zote, bonyeza Ctrl+K upange namba zenye sifuri mbele. Kisha Alt+1, na kwenye kisanduku andika $num(%track%,3) %title%. Majina yanakuwa 001, 002, 003 mbele ya jina la wimbo. Sifuri ni za lazima, bila hizo 10 inatangulia 2. Zingatia kuwa namba za albamu za awali zinafutika, kwa hiyo fanyia nakala, siyo kwenye maktaba yako. Fomati flashi, kopi, kisha tumia DriveSort kwenye Windows au fatsort kwenye Linux kupanga jedwali lenyewe kwa majina, kwa sababu Windows haikuhakikishii kwamba itakopi kwa mfuatano uliouona.

Flashi iwe FAT32. Dirisha la kawaida la kufomati la Windows hutoa FAT32 mpaka GB 32. Juu ya hapo linakupa exFAT au NTFS, na sabufa nyingi hazisomi hizo. Flashi ya GB 16 au 32 ni chaguo bora kuliko ya 64, na ni nafuu.

iPhone, kwa ufupi

Kwenye Windows utatumia iTunes, au Apple Music pamoja na Apple Devices. Kwenye Mac, tangu Catalina ya 2019, ni Music na Finder. Waya ukigoma kupeleka orodha, ingia mipangilio ya Music kwenye simu: usawazishaji wa maktaba kupitia iCloud ukiwa umewashwa, usawazishaji wa waya huzuiwa. Ukichomeka kwenye kompyuta nyingine na ikauliza kama ifute ili isawazishe upya, kataa. Ukikubali, muziki uliosawazishwa awali utafutika. Njia rahisi ni VLC ya iPhone, ambayo unawasha kushirikisha kwa Wi-Fi na kupandisha nyimbo kupitia kivinjari.

Orodha za mtandaoni

Za Spotify, Boomplay na nyinginezo haziko kwenye simu, ziko kwenye akaunti. Zikipotea baada ya kubadili simu, karibu kila mara umeingia kwa akaunti nyingine: ile ya kwanza ilifunguliwa kwa namba ya simu, sasa umeingia kwa barua pepe. Toka, ingia kwa njia ya awali. Nyimbo ulizopakua mle zimefungwa, hazitoki kama MP3, hivyo usizitegemee kwa kompyuta ya DJ. Spotify inakutaka uingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30, vinginevyo vilivyopakuliwa vinaondoka. Mwenye shughuli Liwale au Ruangwa vijijini ambako mtandao si wa kuaminika, afungue programu akiwa bado mjini.

Kabla ya kutoka nyumbani

Weka simu kwenye hali ya ndege. Fungua orodha, linganisha idadi ya nyimbo inayoonyeshwa na idadi ya mistari isiyoanza na # kwenye Notepad. Zikipishana, shuka nazo sambamba mpaka uone ya kwanza inayokosekana, kisha soma jina lake herufi kwa herufi. Cheza ya kwanza, ya katikati na ya mwisho, kila moja sekunde chache. Halafu jitumie faili ya orodha kwenye WhatsApp kama waraka; ya nyimbo mia mbili haifiki hata KB 30, na memori ikipotea njiani, mpangilio wote unao, kinachobaki ni kukopi nyimbo upya kwenye folda moja na faili hiyo.